Bure Isiyo Bure: Historia ya Matibabu kwa Wote Nchini Uingereza

Neno "bure" lina nyuso mbili. Kitu cha bure ni kitu kisicholipiwa. Na kazi ya bure ni kazi isiyo na faida, jasho lililomwagika pasi na tija. Mtu wa bure ni mtu asiyefaa kitu. Lugha imeziweka maana hizi mbili chini ya paa moja, na pengine si kwa bahati. Mnunuzi wa sokoni hukishuku kitu asichotajiwa bei yake, na wahenga walikwisha kuonya kwamba rahisi ni ghali. Ndiyo maana serikali yoyote inapotangaza matibabu ya bure, masikio ya watu husikia mambo mawili kwa pamoja: ahadi na onyo.

Miongoni mwa nchi zilizolibeba neno hili kwa muda mrefu, Uingereza ina kisa cha kuangaliwa. Tangu tarehe 5 Julai 1948, mkaazi wa nchi ile aliyeumwa ameweza kumwendea daktari, kulazwa na kupasuliwa, bila ya kufungua mkoba wake. Mpango huo unaitwa Huduma ya Taifa ya Afya, na wenyeji huutaja kwa herufi zake tatu tu, NHS, kama mtu amtajavyo jamaa wa nyumbani. Umesimama juu ya maneno mawili. La kwanza ni hilo "bure". La pili ni "mkaazi". Ugomvi juu ya neno la kwanza ulizuka mapema na kelele zake zilisikika mbali. Ugomvi juu ya neno la pili ulichelewa, ukaingia kimya kimya, na ndio unaowagusa zaidi wale waliovuka bahari kwenda kuishi huko, wakiwamo wengi wanaozungumza Kiswahili.

Peni tatu katika kila pauni

Kabla ya 1948, maradhi nchini Uingereza yalikuwa na bei. Mwaka 1911 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya taifa, iliyoletwa na David Lloyd George, waziri wa fedha wa wakati ule. Sheria hiyo ilimpatia mfanyakazi wa kipato kidogo daktari wa kumtibu. Lakini ilimtibu yeye peke yake. Mkewe hakuwamo, wala wanawe. Basi ikawa baba akikohoa huenda kwa daktari, na mama akivuja damu hunyamaza, kwani shilingi ya daktari ni shilingi ya mkate wa watoto. Hospitali nazo zilikuwa za namna mbili: zile zilizoendeshwa kwa sadaka za matajiri na michango ya watu, na zile za serikali za mitaa, ambazo baadhi yake zilirithiwa kutoka nyumba za zamani za mafukara. Katika zile za sadaka, mgonjwa alihojiwa ili ijulikane ana uwezo wa kulipa kiasi gani.

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Pale aliulizwa uji, akaulizwa na bei ya uji.

Palikuwa na mahali, hata hivyo, ambapo watu wenyewe walikwisha kutafuta njia. Katika mji mdogo wa Tredegar, kusini ya Wales, wachimba makaa ya mawe na wafua vyuma walianzisha chama cha kusaidiana katika matibabu mwaka 1890. Kila mwanachama alikatwa peni tatu katika kila pauni ya mshahara wake, wakati ambapo pauni moja ilikuwa na peni 240. Haba na haba hujaza kibaba: kwa peni hizo chama kiliajiri madaktari, kikaendesha hospitali, kikatoa dawa, miwani na meno ya bandia. Karibu mji mzima ulikuwa chini ya mwavuli wake. Mmoja wa madaktari walioajiriwa huko katika miaka ya 1920 alikuwa A. J. Cronin, ambaye baadaye aliiacha tiba akashika kalamu, na riwaya yake ya mwaka 1937, The Citadel, ilitokana na aliyoyaona katika mabonde yale. Wasomaji wengi waliifahamu hali ya matibabu nchini mwao kwa kupitia riwaya hiyo.

Katika mji huo huo alizaliwa Aneurin Bevan, mwaka 1897, mtoto wa mchimba makaa. Yeye mwenyewe aliingia machimboni akiwa na umri wa miaka 13. Elimu yake kubwa aliipata katika maktaba ya wafanyakazi ya mji wake, na alikuwa na kigugumizi kilichomtesa, akakishinda kwa kukariri mashairi kwa sauti. Mtu huyo akaja kuwa mmoja wa wasemaji hodari kabisa waliopata kusimama katika Bunge la Uingereza. Mwaka 1925 baba yake alifariki kwa maradhi ya mapafu yaliyotokana na vumbi la makaa. Familia haikupata fidia yoyote, kwani sheria ya wakati ule haikuyahesabu maradhi yale kuwa ni maradhi ya kazini. Bevan aliingia Bungeni mwaka 1929. Mwaka 1945, chama cha Leba kiliposhinda uchaguzi mara baada ya vita, alifanywa Waziri wa Afya. Alilolifanya, kwa kukiri kwake mwenyewe, ni kuichukua desturi ya Tredegar na kuitandaza nchi nzima.

Vita vya madaktari

Njia ilikuwa imekwisha kusafishwa. Desemba 1942, vita vikiwa bado vinaunguruma, William Beveridge alitoa ripoti yake mashuhuri, iliyoyataja majitu matano yanayoizuia nchi kusonga mbele: ufukara, maradhi, ujinga, uchafu na kukosa kazi. Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuisoma orodha hiyo bila ya kuwakumbuka maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, waliotangaziwa vita Tanganyika ilipopata uhuru. Julius Nyerere alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952. Aliishi basi katika nchi ile miaka ile ile mpango huu ulipokuwa mchanga.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Afya ilipitishwa mwaka 1946 kwa ajili ya England na Wales. Uskoti na Ireland ya Kaskazini zikapata sheria zao. Upinzani mkali haukutoka kwa wagonjwa. Ulitoka kwa madaktari. Walikhofia kugeuzwa makarani wa serikali, wakipokea mshahara na amri. Katika kura waliyoipiga Februari 1948, miezi mitano tu kabla ya siku ya kuanza, madaktari kiasi cha tisa katika kila kumi waliukataa mpango.

Bevan alijua wapi pa kukaza na wapi pa kulegeza. Madaktari bingwa wa hospitali aliwaruhusu kuendelea kuwatibu wagonjwa wa kulipa, hata ndani ya hospitali za umma. Madaktari wa mitaani aliwaahidi kwamba hawatakuwa waajiriwa wa serikali: watabaki na zahanati zao wenyewe, wakifunga mkataba na serikali na kulipwa kwa hesabu ya watu walioandikishwa kwao. Mapatano hayo yalivunja upinzani. Hadi leo yanaeleza mambo mengi yanayomshangaza mgeni: kwa nini zahanati ya mtaani ni mali ya madaktari wenyewe ilhali mgonjwa hatozwi, na kwa nini daktari mmoja huweza asubuhi kuwa wa umma na jioni kuwa wa wenye fedha.

Tarehe 5 Julai ikafika. Hospitali zaidi ya 2,600 za England na Wales zilikuja chini ya mkono mmoja. Bevan mwenyewe alikwenda katika Hospitali ya Park, huko Davyhulme karibu na Manchester, kuupokea ufunguo. Vijikaratasi vilikwisha kusambazwa majumbani kuwaeleza watu kwamba huduma hii ni ya kila mtu, tajiri na maskini, mwanamume, mwanamke na mtoto. Kwamba hakuna malipo isipokuwa kwa vitu vichache maalumu, na kwamba hii si sadaka, kwa kuwa watu wanailipia kwa kodi zao.

Kilichofuata kilidhihirisha ukubwa wa shida iliyokuwa imefichwa. Watu walimiminika. Katika mwaka wa kwanza zilitolewa jozi za miwani milioni 5 na zaidi, na watu wapatao milioni 8 walikwenda kutibiwa meno. Wazee waliokuwa wakinunua miwani sokoni, wakijaribu hii na ile mpaka herufi zionekane, walipimwa macho kwa mara ya kwanza. Wanawake walikuja na maradhi waliyoyabeba miaka kumi, ishirini, chini ya nguo zao. Wapinzani waliona katika takwimu hizo ulafi wa watu waliopewa cha bure. Ila mtu haendi kwa daktari kuomba meno ya bandia kwa tamaa.

Gharama zilipita makisio, na neno "bure" likapata ufa wake wa kwanza mapema sana. Mwaka 1951 serikali iliamua kutoza malipo kwa meno ya bandia na miwani. Bevan, ambaye wakati huo alikuwa amehamishiwa wizara nyengine, alijiuzulu. Mwaka 1952 ikaja ada ya shilingi moja kwa cheti cha dawa. Ada hiyo ilifutwa mwaka 1965, ikarejeshwa mwaka 1968. Wales iliifuta tena mwaka 2007, Ireland ya Kaskazini mwaka 2010 na Uskoti mwaka 2011. England imebaki nayo. Mwaka 2024 iliwekwa kuwa pauni 9.90 kwa kila dawa, ingawa watoto, wazee wa miaka 60 na zaidi, wajawazito na wengineo wamesamehewa.

Mlango wa daktari wa mtaani

Kwa mkaazi wa kawaida, mpango huu una mlango mmoja mkuu, nao ni daktari wa mtaani. Mtu akihamia mahali hujiandikisha katika zahanati ya hapo. Katika England hakuna sheria inayomlazimisha aoneshe pasi ya kusafiria wala risiti ya umeme ili aandikishwe, ingawa zahanati nyingi huziulizia. Hata asiye na makao anayo haki ya kuandikishwa. Hupewa namba ya tarakimu kumi itakayomfuata maisha yake yote. Siku akiumwa, humwendea daktari huyo kwanza. Daktari humtibu, au humpa cheti cha dawa, au humwandikia rufaa ya kwenda kwa bingwa hospitalini. Bingwa haendewi moja kwa moja. Daktari wa mtaani ndiye bawabu, naye ndiye anayeijua historia ya mgonjwa tangu utotoni, pale mambo yanapokwenda kama yalivyokusudiwa.

Kwa dharura mlango mwengine huwa wazi usiku na mchana: gari la wagonjwa huitwa kwa namba 999, na chumba cha dharura hakimtozi yeyote. Mkaazi akilazwa hapewi hesabu ya kulipa. Akipasuliwa moyo hapewi hesabu. Mwanamke akijifungua hapewi hesabu. Jambo hili, kwa waliolizaliwa nalo, limekuwa kama hewa, hawalioni. Hulionea ajabu yule aliyetoka katika nchi ambako jamaa huuza shamba ili mmoja wao apasuliwe, na maiti huzuiliwa hospitalini mpaka deni liishe.

Fedha zake hutoka wapi? Hutoka zaidi katika kodi za jumla, na sehemu katika michango ya bima ya taifa inayokatwa mishahara. Kwa hivyo hakuna anayelitumia bure kwa maana ya kutolipa kabisa. Kila anunuaye bidhaa yenye kodi amelipa. Kilichoondolewa ni kulipa saa ile ya maumivu. Mkono mtupu haulambwi, wasemavyo Waswahili. Ujanja wa mpango huu ni kuwa mikono yote hujazwa mapema, kidogo kidogo, katika siku za afya, ili siku ya maradhi pasiwe na wa kuutazama mkono wa mwenziwe.

Nani mkaazi?

Wiki mbili kabla ya mpango kuanza, Juni 1948, meli iitwayo Empire Windrush ilitia nanga Tilbury, ikiwa na mamia ya abiria kutoka visiwa vya Karibi. Miaka iliyofuata, wanawake wengi wa visiwa hivyo waliajiriwa kuwa wauguzi katika hospitali mpya za umma, na baadaye wakafuata madaktari kutoka Bara Hindi, na wauguzi kutoka Afrika na Ufilipino. Pasingekuwa na wageni hao, hospitali nyingi zingefunga wadi zake.

Mwaka ule ule wa 1948 bendera ya Uingereza ilipepea pia Unguja. Lakini sheria ya Julai haikuvuka bahari. Mwezi mmoja na nusu baadaye, Agosti, wachukuzi wa bandari ya Unguja waligoma kwa sababu ya mishahara duni na ughali wa maisha, na mgomo ukaenea mjini. Himaya ilikuwa moja, ila matibabu ya bure yalikuwa ya wakaazi wa kisiwa kimoja na si cha pili.

Je, mkaazi ni nani? Mwanzoni swali hili halikumsumbua mtu. Mwaka 1949 sheria iliipa serikali uwezo wa kuwatoza wasiokuwa wakaazi, lakini uwezo huo ulilala miaka mingi; kanuni za kwanza za kuwatoza zilitoka mwaka 1982 tu. Mwaka huo huo, katika kesi iliyohusu ada za masomo, majaji wa Baraza la Malodi waliufafanua ukaazi kwa upana: ni pale mtu alipopachagua kwa hiari yake na kwa halali pawe makao yake, kwa madhumuni yaliyotulia, katika mwenendo wa kawaida wa maisha yake, ziwe siku zake hapo chache au nyingi. Hakuulizwa uraia, wala rangi, wala kodi aliyolipa. Aliulizwa: unaishi hapa?

Mwaka 2014 sheria ya uhamiaji iliufunga mlango nusu. Kuanzia hapo, wageni wengi hawahesabiwi kuwa wakaazi katika suala la matibabu mpaka wapate kibali cha kukaa bila kikomo. Anayekuja kwa viza ya zaidi ya miezi sita hulipa ada ya afya pamoja na viza yake. Ada hiyo ilianza mwaka 2015 kwa pauni 200 kwa mwaka; mwaka 2024 ilipandishwa hadi pauni 1,035 kwa mtu mzima. Hulipwa yote kwa mkupuo, miaka yote ya viza, hata kama mlipaji ataajiriwa na kukatwa kodi kama wengine wote. Asiye na ukaazi wala ada hutozwa hospitalini moja na nusu ya gharama, na tangu Oktoba 2017 hutakiwa kulipa kabla ya kutibiwa iwapo maradhi yake si ya haraka. Vilivyobaki bure kwa kila mtu ni chumba cha dharura, kumwona daktari wa mtaani, na matibabu ya maradhi ya kuambukiza kama kifua kikuu na UKIMWI. Wakimbizi na wanaoomba hifadhi nao wamesamehewa.

Matunda ya mabadiliko hayo yalionekana mwaka 2018. Ilibainika kwamba watu waliokuja kutoka Karibi wangali watoto, kwa halali, wakafanya kazi na kulipa kodi miaka arubaini na hamsini, walikuwa wakitakiwa waoneshe karatasi ambazo hawakupata kupewa. Baadhi yao walifukuzwa kazini na nyumbani, na wengine walizuiliwa matibabu. Nchi nzima ilifedheheka. Kizazi kilichosaidia kuzijenga hospitali kiliulizwa mlangoni mwa hospitali kama ni cha hapo. Na mwaka 2020, katika kilele cha UVIKO, ikaja kukumbukwa kwamba wauguzi na watunza wazee waliotoka ng'ambo walikuwa wakiilipia ada huduma ambayo wao wenyewe ndio mikono yake. Mwezi Mei mwaka huo serikali ilikubali kuwaondolea.

Kungoja

Kuna bei nyengine isiyoandikwa, nayo ni muda. Lengo la England ni kuwa wagonjwa 92 katika kila 100 waanze kutibiwa ndani ya wiki 18 tangu kupewa rufaa. Tangu mwaka 2016 lengo hilo likawa halifikiwi, na Septemba 2023 orodha ya wanaongojea ilifika milioni 7.7. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa msemo huo si wa mafumbo: mtu hungojea miezi na goti lake, au na jicho lake lenye mtoto wa jicho. Mwenye fedha hununua nafasi kwengine. Maskini hungojea. Hivyo bei iliyofukuzwa mlangoni hurudi kwa dirishani.

Wanaoshuku matibabu ya bure huushika ushahidi huu, wakasema: kumbe ile maana ya pili ya neno ndiyo ya kweli. Lakini foleni ndefu si dalili ya kitu kisichofaa. Hakuna apangaye foleni mbele ya kitu cha bure kwa maana ya upuuzi. Foleni huonesha kwamba mikono iliyojazwa mapema haikujazwa ya kutosha, na hilo ni jambo la kuamuliwa na serikali na wapiga kura.

Kwa wasomaji wa visiwani mambo haya si ya mbali. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi, Serikali ya Zanzibar nayo ilitangaza matibabu bure kwa wananchi wote, na kwa miongo mingi kila kizazi kimelipima neno lile kwa kilichokikuta kwenye rafu ya dawa. Mwaka 2023 ilitungwa sheria ya kuanzisha Mfuko wa Huduma za Afya, ili michango nayo ichangie kuubeba mzigo. Kila jamii hulazimika kuyajibu maswali yale yale ya Tredegar: nani atie peni zake, lini azitie, na nani ahesabiwe kuwa ni wa hapa siku akianguka.

Bevan alifariki mwaka 1960, maradhi yakiwa yamemshinda. Kwa miaka kumi na miwili alikwisha kuuona mpango wake ukipasuka hapa na kuzibwa pale. Machimbo ya makaa ya Tredegar yamefungwa, na peni 240 hazifanyi tena pauni moja. Swali pekee ambalo daktari wa mji ule alimuuliza mchimba makaa, na mke wa mchimba makaa, na mtoto wake, ndilo swali ambalo mpango mzima ulijengwa ili libaki kuwa la kwanza: "Unaumwa wapi?"